Fahamu: Virusi vya MERS na msafiri wa Umra

Unakwenda Makka kwa Umra? Virusi vya MERS viligunduliwa Saudi Arabia mwaka 2012, na ngamia ndiye anayevibeba. Huenda akaonekana mzima kabisa, kwa hiyo usimguse wala usinywe maziwa yake mabichi, hata ukikaribishwa kwa heshima.

Homa, kikohozi na kupumua kwa shida huanza kati ya siku 2 na 14 baada ya kuambukizwa. Chanjo hakuna. Mwenye kisukari au maradhi ya figo amwone daktari kabla ya safari.

Ukiugua baada ya kurudi, taja ulikotoka tangu mlangoni mwa hospitali, tafadhali. Mwaka 2015 msafiri mmoja aliyerejea Korea Kusini kutoka Mashariki ya Kati alipita hospitali kadhaa kabla ya ugonjwa wake kutambuliwa. Mlipuko ule ulikumba watu 186.