Kuyazuru Maji Nyumbani Kwao

Yeyote aliyekulia Likoni, Kisauni au Changamwe aijua thamani ya mtungi mmoja wa maji. Twaujua mlio wa mkokoteni alfajiri, na twajua kuamka usiku wa manane kufungua mfereji tukitaraji maji, ukatoa upepo mtupu. Ndiyo maana shule zilipofungwa na watoto wakaomba matembezi, tuliazimia kuwapeleka mahali ambapo maji hayana foleni: maporomoko ya Sheldrick, katika hifadhi ya Shimba, Kaunti ya Kwale.

Tulikuwa watu 14 wa nyumba tatu, kuanzia nyanya yetu aliyekwisha kuipita miaka 70 hadi mjukuu wake wa miaka sita. Jamaa wa Changamwe walishika barabara ya Dongo Kundu. Wa Kisauni walipita daraja la Nyali, kisha wakavuka kwa feri. Nasi wa Likoni tukawangoja Kombani. Hapo tuliiacha barabara kuu iendayo Lunga Lunga, tukageuka kulia kuupandia mji wa Kwale. Masafa yote kutoka Mombasa hayapiti sana kilomita 30, lakini hewa ya huko juu ni nyingine kabisa. Joto la pwani tuliliacha nyuma, na watoto waliokuwa wakizozania dirisha wakaanza kuulizia masweta.

Hifadhi hii ilitangazwa rasmi mwaka 1968. Humo wamo ndovu, na ndimo mahali pa pekee nchini Kenya wanapopatikana palahala wa porini, yule mnyama mweusi mwenye pembe ndefu zilizopinda kwa nyuma. Sisi hatukujaaliwa kumwona palahala. Ndovu tuliwaona watatu, mbali, upande wa pili wa bonde. Maporomoko yenyewe yalipewa jina la David Sheldrick, aliyekuwa msimamizi wa mbuga ya Tsavo Mashariki.

Gari haliyafikii maporomoko. Mtu huteremka kwa miguu mwendo wa kilomita mbili hivi, akiongozwa na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Tulipokuwa tukishuka, askari wetu alituonyesha ukungu uliotanda juu ya miti, akatueleza asili yake. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hubeba unyevu. Zikifika vilimani, ambavyo huinuka zaidi ya mita 400, hulazimika kupanda, zikapoa, na unyevu ule ukawa ukungu na mvua. Msitu huipokea mvua taratibu, mwamba wa mchanga ulio chini huifyonza, kisha maji hutoka polepole kwenye chemchemi. Mojawapo ya chemchemi hizo ni Marere, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikilisha mabomba ya Kwale na Mombasa.

Kwa maneno mengine, tulikuwa tumeizuru nyumba ya maji tunayoyapigania kwetu. Mengine hutoka mbali zaidi: ya Mzima husafiri kutoka Tsavo Magharibi, na ya Baricho hutoka kandokando ya mto Sabaki. Lakini haya ya Shimba ni jirani zetu, na wengi wetu tumezeeka bila kuwahi kuwabishia hodi.

Tuliusikia mvumo kabla ya kuona kitu. Kisha miti ikafunguka, na maji yakawa mbele yetu, yakianguka kutoka kimo cha mita 21 hivi, sawa na nyumba ya ghorofa saba, hadi kwenye kidimbwi chenye mawe. Watoto walinyamaza. Wa kwanza kusema alikuwa yule mjukuu mdogo.

"Nyanya, haya yauzwa pesa ngapi?"

Watu wazima tulicheka, kisha kicheko kikatukauka midomoni. Mtoto yule hajapata kuyaona maji matamu mengi yasiyokuwa na bei.

"Haya hayauzwi, mwanangu," nyanya alimjibu. "Haya ni rehema. Kinachouzwa ni taabu ya kutufikishia."

Wakati wa adhuhuri ulipowadia, vijana walisimama kwenye maji hadi magotini, wakatawadha kwa kuyarusha huku na huku. Nyanya alitoa kikopo mkobani, akakijaza mara moja, akaketi juu ya jiwe, na kwa kikopo kile kimoja akaukamilisha udhu wake. Mmoja wa vijana alimwuliza kwa nini ajibane ilhali maji yapo tele. Nyanya alimkumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) alimkanya sahaba wake Saad asifanye israfu katika udhu, hata angekuwa kando ya mto unaopita. Kijana hakujibu. Tulitandika mikeka, tukaswali, na mvumo wa maji ukawa nyuma yetu.

Kwa wanaonuia kwenda, twawausia machache. Fikeni asubuhi, kwani kurudi ni kupanda mlima. Sisi tulimpumzisha nyanya mara tano. Chukueni vitambulisho, na ada zilipeni kwa simu. Vaeni viatu vya kufunga. Chupa za plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika hifadhi tangu Juni 2020, basi jazeni maji katika chupa za kudumu. Wanaotaka kuingia kidimbwini wamwombe askari idhini na wapeane zamu, ili akina mama na mabinti wapate sitara yao.

Na mkitoka huko, msiache hata karatasi ya peremende. Msitu ule ukichomwa makaa, au vijito vyake vikichafuliwa, hasara haitaishia Kwale. Itatufuata kwa mkokoteni hadi mlangoni petu.

Juma lililofuata, mfereji wetu wa Likoni ulikauka tena, kama ada yake. Lakini uani, kando ya pipa, tulikuta kikopo kipya. Yule kijana ndiye aliyekiweka.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuzishukuru neema Zake zinapokuwa nyingi na zinapokuwa chache. Amin.