Aliyetabiriwa au Aliyethubutu? Siri ya Mteule wa Morrowind

Gemu nyingi za fantasia humaliza suala la shujaa wake mapema sana. Mtoto ana alama mwilini, upanga unang'aa akiushika, mzee mwenye ndevu nyeupe anamwambia kwamba alisubiriwa kwa miaka elfu. Tangu hapo kazi ya mchezaji ni kusonga mbele na kupiga. Kwa nini awe yeye na si jirani yake? Hakuna anayeuliza. Ni yeye kwa kuwa imeandikwa.

Morrowind, gemu iliyotolewa mwaka 2002 na kampuni ya Bethesda Softworks ya Marekani, ilikataa njia hiyo ya mkato. Unabii umo, miungu imo, na pete ya ajabu imo pia, lakini swali la nini hasa kinamfanya mteule kuwa mteule linabaki wazi tangu mchezaji anaposhuka bandarini hadi anapoingia ndani ya volkano. Nimecheza na kusoma visasili vya gemu nyingi, na sijaona iliyolishughulikia swali hili kwa akili zaidi. Jibu lake, kwa ufupi, ni kwamba uteule ni cheo. Wanaokitaka ni wengi, na atakayekimudu ndiye atakayesemwa baadaye kuwa alitabiriwa.

Tuanze na kisa chenyewe. Morrowind ni gemu kuu ya tatu katika mfululizo wa The Elder Scrolls, baada ya Arena ya mwaka 1994 na Daggerfall ya mwaka 1996. Mambo yanatokea katika kisiwa cha Vvardenfell, nchi ya Wadunmer, watu wenye ngozi ya rangi ya majivu na macho mekundu. Katikati ya kisiwa kuna volkano iitwayo Red Mountain. Zama za kale wahenga wa watu hao waliitwa Wachimer, nao walikuwa na ngozi ya dhahabu. Jemadari wao, Indoril Nerevar, alipigana chini ya mlima huo na Wadwemer, mafundi stadi waliokuwa wamechimbua moyo wa mungu Lorkhan na kutaka kuutumia kujiundia mungu wao wenyewe. Wadwemer wakatoweka karibu wote kwa mkupuo mmoja. Nerevar naye akafa.

Alikufaje? Hapo ndipo ugomvi ulipo. Hekalu linalotawala dini ya nchi linafundisha kwamba aliuawa na majeraha ya vita. Waashlander, wahamaji wa nyika za majivu, wanasimulia kwamba aliuawa na washauri wake watatu, Almalexia, Sotha Sil na Vivec, kwa uchu wa nguvu za ule moyo. Lisilobishaniwa ni kwamba watatu hao waligeuka kuwa miungu hai na kuabudiwa. Azura, mungu ambaye washauri hao walikuwa wamemwapia Nerevar kwa jina lake, aliwalaani watu wote, ngozi zao zikawa za majivu, kisha akaahidi kwamba Nerevar atazaliwa upya. Huyo atakayerudi ndiye anayeitwa Nerevarine.

Mchezaji anaingia kisiwani mwaka wa 427 wa Enzi ya Tatu akiwa mfungwa aliyeachiwa kwa amri ya Kaisari Uriel Septim VII. Anashuka katika kijiji cha Seyda Neen, na hapo ndipo anapojichagulia jina, jinsia na jamii anayotoka. Jamii ziko kumi, na mbili kati yake ni watu wenye umbo la mijusi na watu wenye umbo la paka. Hapa waandishi walikabiliwa na tatizo ambalo mtunzi wa riwaya halijui. Huwezi kumpa shujaa nasaba ya kifalme wakati hujui kama atakuwa mwanamume au mwanamke, mzalendo wa kisiwa au mjusi kutoka mabwawa ya mbali. Wengi wangelizunguka tatizo hilo. Waandishi wa Morrowind waliligeuza kuwa hoja kuu ya hadithi: kama yeyote anaweza kuwa mteule, basi uteule haumo katika damu.

Ndiyo maana dalili ya kwanza ya unabii imewekwa pana kiasi hicho. Mteule atazaliwa siku fulani na wazazi wasiojulikana. Mchezaji anafikishwa kwa Caius Cosades, mkuu wa majasusi wa Kaisari, mzee wa kifua wazi anayeishi katika chumba kimoja mjini Balmora. Baadaye anaelezwa ukweli bila kupambwa. Kaisari alimwachia kwa sababu siku yake ya kuzaliwa na wazazi wake wasiojulikana vinalingana na unabii. Huenda kweli ni Nerevarine. Kama siye, anaweza angalau kupita kama mwigo unaoaminika, na hilo nalo lina faida kwa Dola. Kwa maneno mengine, shujaa wetu anaanza safari akiwa mtu wa kupandikizwa na serikali.

Waashlander nao hawadanganyiki. Nibani Maesa, mwaguzi wa kabila la Urshilaku, anamsikiliza mgeni huyu, anazipima dalili zake, kisha anamwambia waziwazi kwamba yeye si Nerevarine, ila ni mtu anayeweza kuwa Nerevarine. Tofauti hiyo ndiyo uti wa mgongo wa gemu nzima. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na unabii wa Waashlander nao unamtaja mgeni. Lakini wenyeji hawa hawako tayari kupona kwa mkono wa kila anayebisha hodi. Wameweka majaribio saba.

Tazama jinsi majaribio hayo yanavyopitwa. La pili linasema mteule hatadhuriwa na maradhi wala uzee. Mchezaji anaambukizwa korprusi, ugonjwa unaovimbisha mwili na kuharibu akili, ambao mgonjwa wake hapatwi na maradhi mengine wala hazeeki. Anapelekwa kwa Divayth Fyr, mchawi mkongwe anayewahifadhi wagonjwa wa aina hiyo, na mchawi huyo anampa dawa ambayo hata yeye mwenyewe hana hakika nayo. Dawa inaondoa madhara yote na kuacha kinga. Unabii umetimia, na umetimia kwa dawa ya kujaribia.

La nne linadai mteule akubaliwe kuwa jemadari na koo kuu tatu za kisiwa. Katika ukoo wa Redoran inabidi apigane hadharani na mkuu wa ukoo hadi mmoja afe. Katika ukoo wa Hlaalu fedha na fitina hufungua milango. La tano linadai atambuliwe na makabila manne ya Waashlander. Mkuu wa kabila la Zainab anataka kuletewa mke wa hadhi kutoka ukoo wa Telvanni. Suluhisho linalopendekezwa ni kumnunua msichana mtumwa, kumvisha nguo nzuri, kumpaka manukato na kumtambulisha kama binti wa kibwana. Mkuu anaridhika, na jina la Nerevarine linatolewa.

Msomaji anaweza kuona hapo dhihaka, naye hatakosea. Lakini kuna jambo zito chini yake. Dalili za mwili hukamilika upesi, na sehemu ndefu ya safari ni ya kutafuta kutambuliwa. Hakuna nuru inayoshuka kutoka mbinguni kuwashawishi wazee wa koo. Kila mmoja ana hofu yake, maslahi yake na bei yake, na mteule lazima amwendee mmoja mmoja. Kwa hiyo upekee wake hauishi ndani yake peke yake. Unaishi katika makubaliano ya watu waliokuwa hawapatani, waliokubali kwa sababu mbalimbali kumwita kwa jina moja.

Ushahidi mkubwa wa hoja hii umo ndani ya pango ambamo jaribio la tatu linakamilika. Humo mchezaji anapokea pete ya Nerevar, ambayo yasemekana humuua kila aivaaye asiyestahili. Mara tu baada ya kuivaa anatokewa na mizuka ya waliomtangulia, mmoja wao mwanamke aitwaye Peakstar. Hao wote waliwahi kuaminiwa, na wenyewe kuamini, kwamba ndio Nerevarine. Walikuwa na dalili. Walianza safari. Wakafa njiani. Gemu ya kawaida ingewaita matapeli, lakini hii inawapa heshima, na kila mmoja anazungumza na mgeni na kumkabidhi kitu. Ukiwatazama huoni kasoro ya kuzaliwa iliyowatenga naye. Kilichowatenga ni kwamba walikufa kabla ya kumaliza.

Mtu atauliza: na Azura je? Si ndiye aliyeahidi, na ndiye anayezungumza ndani ya pango? Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito. Upo usomaji halali unaosema kwamba roho ya Nerevar kweli imerudi. Lakini Azura ana kisasi chake dhidi ya miungu watatu, na kisasi hicho kinahitaji mkono wa mwanadamu. Mungu mwenye haja anaweza kumwita mwanawe yeyote atakayefika mlangoni. Maandishi ya gemu yanaruhusu usomaji wote wawili, wala hayajaribu kuufunga mmoja.

Tena yanakwenda mbali zaidi. Mchezaji akitaka anaweza kumuua Vivec, mungu ambaye msaada wake umo katika mpango, na hivyo kukata njia ya unabii. Gemu inamtahadharisha, ila haimfungii mlango. Anaweza kuchukua glovu ya Kidwemer iitwayo Wraithguard, kuipeleka kwa Yagrum Bagarn, Mdwemer pekee anayejulikana kubaki hai, kisha akaenda mlimani na kuuharibu moyo wa Lorkhan. Nchi inaokoka bila majaribio kutimizwa. Na hata kwa aliyefuata unabii hatua kwa hatua, adui mkuu Dagoth Ur anamngoja kwa swali: je, kweli wewe ni Nerevar aliyezaliwa upya? Mchezaji anaweza kukubali, kukana au kutojifungamanisha na upande wowote. Pambano linafuata vilevile.

Gemu mbili zilizofuata ziliendelea kulichimba suala hili kwa namna zake. Katika Oblivion ya mwaka 2006, damu teule anayo Martin Septim, kasisi wa mji wa Kvatch ambaye ni mwana wa Kaisari aliyezaliwa nje ya ndoa. Yeye pekee anaweza kuitumia hirizi ya wafalme. Mchezaji anaibeba hirizi hiyo, lakini hawezi kuivaa. Nasaba iko kwa mwingine, na kazi iko kwake.

Skyrim ya mwaka 2011 inaonekana kurudi kwenye karama ya kuzaliwa. Shujaa wake, anayeitwa Dragonborn, ana mwili wa binadamu na roho ya joka. Akiua joka anafyonza roho yake, na maneno ya nguvu ambayo watawa wa High Hrothgar huyasomea kwa miaka mingi yeye huyapata papo hapo. Hapo karama ni halisi, haina ubishi. Hata hivyo hadithi yenyewe imeweka mizani miwili. Wa kwanza kumshinda joka Alduin, katika zama za kale, walikuwa Gormlaith, Hakon na Felldir, watu watatu wasio na roho ya joka, waliotumia mbinu iliyobuniwa na wanadamu na kumtupa mbele katika wakati. Na Miraak, Dragonborn wa kwanza, alikuwa na karama ileile lakini akaitumia kutaka kutawala. Karama inaeleza uwezo wa mtu. Haielezi atakuwa mtu gani.

Lipo pia jambo linalowaunganisha: Nerevarine, shujaa wa Oblivion na Dragonborn, wote wanaanza wakiwa wafungwa. Kwa miaka mingi mashabiki waliliona kama mazoea ya watunzi tu. Mwaka 2017, katika nyongeza ya The Elder Scrolls Online iitwayo Clockwork City, waandishi walimpa Sotha Sil nafasi ya kulifafanua. Kwa mujibu wake, mfungwa hana budi kwanza aukubali ukweli wa kifungo chake na kuziona kuta zinazomwelekeza. Pili, aione nafasi iliyopo katika kuta hizo, mlango wa kupitia. Sotha Sil anajiona mwenyewe kuwa ameziona kuta tu. Shujaa anauona mlango. Huo ndio ufafanuzi ulio wazi kuliko wote ambao mfululizo huu umewahi kutoa, na unalingana na kile ambacho Morrowind ilikuwa imekionyesha miaka 15 kabla.

Somo hili linawahusu hasa vijana wanaotunga hadithi za gemu na vitabu vya fantasia kwa Kiswahili. Msianze kwa kumpa shujaa alama begani. Jiulizeni kwanza nani ana haja ya kumwamini, nani anapoteza akiaminiwa, na wangapi walijaribu kabla yake wakashindwa. Unabii usiowahi kumwangusha mtu hauna uzito, na mteule asiyeweza kukataa hana ushujaa.