Lubumbashi: Koneksio ikikatika-katika, pima kwanza kabla ya kununua forfe kubwa

Siku za kujiandikisha chuoni, siber za mji wa Lubumbashi zinajaa watu. Mwanafunzi anamaliza kujaza fomu yake, anabonyeza kutuma, ukurasa unabaki mweupe. Pembeni yake mfanyabiashara anaongea na mwenzake wa Kasumbalesa juu ya lori lililokwama mpakani, na sauti inakatika neno kwa neno. Mwenye siber anasema kosa ni la kampuni ya intaneti. Mwisho wa mwezi anaongeza dola ili apate forfe kubwa, lakini shida inabaki palepale.

Mara nyingi ugonjwa huo ni kupotea kwa pakiti, na mara nyingi hauko mbali. Uko kwenye mlango wa ruta, pale kebo inapochomekwa.

Kila kitu kinachopita kwenye intaneti, iwe picha, sauti ama barua, kinakatwa vipande vidogo, kwa kawaida visivyozidi baiti 1500. Hivyo ndivyo pakiti. Ruta inavipokea kwa mlango mmoja na kuvitoa kwa mwingine. Kipande cha ukurasa kikipotea, kompyuta inaomba kitumwe tena na inapunguza mwendo. Ndiyo maana forfe ya megabiti 20 inaweza kutembea kama ya 2. Sauti ya simu haisubiri: kilichopotea kimepotea.

Bahari ama nyumba?

Wakaaji wengi wanalaumu kebo za baharini, na kuna siku wana haki. Tarehe 6 Agosti 2023, maporomoko chini ya bahari kwenye korongo la mto Congo yalikata kebo za SAT-3 na WACS, hii ya pili ikiwa ndiyo inayofika Muanda. Tarehe 12 Mei 2024, kukatika kwa EASSy na Seacom kulisumbua Kenya, Tanzania na Uganda. Lakini siku kama hizo watu wa miji mingi wanalalamika pamoja. Kama jirani yako mwenye kampuni ileile anafanya kazi vizuri, acha bahari, angalia nyumba.

Kipimo ni bure. Unganisha kompyuta kwa kebo, si kwa Wi-Fi, kwa sababu Wi-Fi yenyewe inapoteza pakiti. Kwenye Windows andika ping -n 100, kisha anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1. Mwishoni utaona pakiti ngapi zimepotea kati ya 100. Hapo ndani ya nyumba isipotee hata moja. Fanya vilevile kwa mashine ya kwanza ya kampuni (amri tracert inaonyesha anwani yake), halafu kwa anwani ya nje kama 8.8.8.8. Hasara inapoanzia na kuendelea mbele, ndipo kwenye kosa. Hasara ikionekana katikati lakini ya mwisho iko safi, usijali: ruta nyingi zinaweka kujibu ping nyuma ya kazi nyingine.

Hesabu za mlango

Ruta ya ofisi inaandika hesabu za kila mlango. Zifute, ngoja saa moja ya kazi, kisha soma tena. Hesabu ya zamani inaweza kuwa ya mvua ya mwaka jana. Ile inayopanda leo ndiyo ya kutafuta.

Makosa yakipanda upande wa kuingia, shuku kebo: kichwa kilicholegea, waya uliopindwa chini ya mlango, ama vumbi la kiangazi kwenye ncha ya fibra. Badilisha kebo, halafu mlango. Kama umeme unakatika na kurudi kwa nguvu, ama radi za Novemba hadi Machi zimepita, mlango wenyewe unaweza kuwa umeungua nusu: taa inawaka, pakiti zinaharibika.

Migongano ikionekana, linganisha pande mbili za kebo. Upande mmoja ukilazimishwa kutuma na kupokea kwa pamoja, na mwingine ukiachwa ujichagulie, huo wa pili unaanguka kwenye kutuma na kupokea kwa zamu. Usiku, watu wakiwa wachache, kila kitu kinaenda. Mchana kinakwama. Weka pande zote mbili sawasawa.

Makosa yakiwa sifuri, lakini pakiti zinatupwa upande wa kutoka saa za msongamano, basi barabara ni nyembamba. Ndani mna megabiti 1000, laini ya nje ni 10. Foleni inajaa, zinazofika nyuma zinatupwa. Wekea kila kompyuta kipimo, tanguliza sauti, peleka masasisho ya Windows usiku. Isipotosha, hapo tu ndipo forfe kubwa ni dawa.

Na kama hasara inaanzia kwa kampuni, usipige simu kusema tu kwamba «intaneti ni mbaya». Peleka tarehe, saa, anwani uliyopima, na pakiti ngapi zilipotea kati ya 100, asubuhi, mchana na usiku. Fundi wa kampuni hawezi kukujibu «zima, washa tena» mbele ya karatasi ya namna hiyo. Na mwenye siber hatalipa tena mwezi mzima kwa kosa la kebo moja iliyolegea.