Mwerezi walinda sigaa: Somo kwa mkulima na fundi seremala

Na Mwandishi Wetu

UKIFUNGUA kasha la sigaa kutoka Cuba, harufu ya kwanza kukupokea huenda isiwe ya tumbaku, bali ya mbao.

Sigaa ni zile sigara nene zinazosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, bila karatasi. Zikikauka hupasuka na kupoteza ladha, na zikipata unyevu mwingi huota ukungu.

Ndiyo maana wauzaji huzihifadhi kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 72, na joto la nyuzi 18 hadi 21 hivi. Kazi hiyo wameukabidhi mti uitwao mwerezi wa Kihispania, kitaalamu Cedrela odorata.

Jina hilo lisikuchanganye. Mti huu si mwerezi wa Lebanoni, wala hautoki Hispania. Asili yake ni Amerika ya Kati, Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi, na ni wa ukoo mmoja na mkangazi.

Mti huo una sifa tatu. Kwanza, mbao zake hufyonza unyevu unapozidi na kuurudisha hewa inapokauka, bila kupinda ovyo. Pili, harufu yake inapatana na tumbaku. Tatu, mafuta yake huwachukiza wadudu.

Adui mkubwa ni mbawakawa wa tumbaku, ambaye funza wake hutoboa sigaa matundu madogo. Mkulima anamfahamu mdudu huyu hata kama hajawahi kuona sigaa, kwani ndiye anayeharibu tumbaku kavu, pilipili na viungo ghalani. Hata hivyo, mwerezi peke yake hautoshi. Joto likipanda mayai huanguliwa, hivyo viwanda vingi hugandisha sigaa kwenye baridi kali kabla ya kuziuza.

Kwa fundi, siri iko ndani ya kasha. Upande wa ndani haupakwi rangi wala vanishi, kwa kuwa huziba vinyweleo vya mbao na kuacha harufu mbaya. Mbao nazo lazima zikaushwe vizuri, la sivyo utomvu hutoka na kunata kwenye sigaa.

Mti wenyewe umeadimika kwao kwa kukatwa kupita kiasi. Kuupanda huko nako kuna taabu, kwani kiwavi hutoboa ncha ya mche na kuudumaza. Tangu mwaka 2020, mbao za miti ya huko Amerika haziuzwi nje bila kibali chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Watengenezaji wengine sasa hutumia maboksi ya karatasi ngumu na kuweka ndani yake kipande chembamba tu cha mwerezi.

Hapa Tanzania mti huu upo, na wengi wanauita sedrela. Hukua haraka na mbao zake ni rahisi kuranda. Lakini mkulima awe mwangalifu. Mbegu zake zina mabawa na huchukuliwa na upepo. Katika msitu wa hifadhi wa Kimboza, mkoani Morogoro, umesambaa na kuisonga miti ya asili. Usiupande karibu na msitu wa asili, na kabla ya kununua miche muone kwanza ofisa misitu.

Fundi naye asidhani mtarakwa, ule wa penseli, utafanya kazi hiyo hiyo. Ni mti wa ukoo mwingine, na harufu yake kali huifunika ile ya tumbaku.

Wafanyabiashara wa mazao mengine nao wana la kujifunza. Chai na kahawa hunyonya harufu upesi, hivyo ukizitia kwenye kasha linalonukia utapoteza mteja. Kabla ya kuchagua kifungashio, jiulize zao lako linaogopa nini: ukavu, unyevu, mdudu au harufu.