Presha Haina Ukuta: Hesabu ya Seti Fazi (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi shinikizo la damu linavyopimwa. Leo tuulize: presha ya juu huanzia wapi?

Kliniki nyingi hujibu 140 kwa 90. Chukua akina mama wawili waliofika kupimwa hapa Suna, mjini Migori. Wa kwanza, tarakimu ya juu ni 138. Wa pili, 142. Mmoja anaambiwa yuko sawa, mwenzake anafunguliwa faili. Tofauti hiyo huweza kuletwa na kutembea kwa haraka tu, au kubanwa na mkojo. Wakipimwa tena baada ya nusu saa, huenda wakabadilishana nafasi.

Mwaka 1965 Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyefundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha nadharia ya seti fazi. Katika hesabu ya shuleni, kitu kimo ndani ya seti au hakimo. Zadeh alikipa kila kitu kiwango cha uanachama, kuanzia 0 hadi 1. Tuseme 120 kushuka chini ni 0, 160 kwenda juu ni 1, na katikati kiwango kinapanda sawasawa. Mama wa 138 anapata 0.45, wa 142 anapata 0.55. Sasa wanaonekana walivyo, majirani.

Tuongeze sukari. Kiwango cha mama wa pili katika seti ya sukari ya juu kikiwa 0.3, basi kwa presha na sukari kwa pamoja tunachukua kilicho kidogo, 0.3, na kwa mojawapo, kilicho kikubwa, 0.55. Ila 0.55 si uwezekano wa kuugua, na hapa hata wasomi huteleza. Haisemi kwamba wanawake 55 katika 100 watapata kiharusi. Inasema presha ya mama huyo ni ya juu kwa kiasi gani.

Mpaka huo hugusa hata takwimu za utafiti. Utafiti wa SEARCH ulioanza 2013 katika jamii 32 za Kenya na Uganda, zikiwemo za Migori na Homa Bay, ulipima VVU, presha na sukari kwa pamoja. Baada ya miaka mitatu, asilimia 47 ya wenye presha walikuwa wameidhibiti katika jamii zilizopewa huduma kamili, dhidi ya 37 kwingineko. Ni mafanikio makubwa. Lakini kwa mpaka wa 140 kwa 90, aliyeshuka kutoka 190 hadi 145 bado huhesabiwa kuwa hajadhibiti, ilhali mishipa yake imepata nafuu kubwa. Daktari hana budi kuwa na mpaka, kwa kuwa tembe ama inamezwa ama haimezwi. Mtafiti halazimiki, na ningependa watafiti wetu waandike viwango vya uanachama pia.

Nani basi anapanga 120 na 160? Hilo, pamoja na kazi ya Elie Sanchez wa Marseille katika utambuzi wa magonjwa, tutalichambua juma lijalo.