Homa isiyokwisha ya mtoto huenda imetoka zizini

Mtoto anapata homa, anatibiwa malaria, anapata nafuu. Baada ya siku chache homa inarudi, pamoja na jasho la usiku na maumivu ya viungo. Kwa familia za wafugaji wa Nyamigogo na vijiji vingine vya Ngara na Biharamulo, huu ni wakati wa kuwafikiria pia ng'ombe na mbuzi wa nyumbani.

Malaria ipo Kagera, na mtoto mwenye homa lazima apimwe. Lakini si kila homa ni malaria. Mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Wagonjwa 528 walidhaniwa kuwa na malaria. Maabara ilithibitisha 14 tu. Miongoni mwa waliobaki walikuwamo wenye bakteria watokao kwa wanyama, ikiwamo brusela, ambayo wafugaji huiita ugonjwa wa kutupa mimba.

Ng'ombe mwenye brusela anaweza kuonekana mzima kabisa. Dalili kubwa ni kutupa mimba, hasa ikiwa imekua. Binadamu huambukizwa kwa kunywa maziwa mabichi au kushika kondo la nyuma na mimba iliyotoka bila kinga. Kuyagandisha maziwa mabichi yawe mtindi si kinga ya kutegemea.

Kujua ukweli, mwite ofisa mifugo wa kata. Mnyama hutolewa damu, kisha majimaji yake huchanganywa na dawa ya rangi ya waridi. Yakifanya chembechembe ndani ya dakika 4, mnyama anashukiwa, na kipimo kingine huthibitisha. Mnyama huyo atengwe. Kumuuza kwa jirani ni kumuuzia ugonjwa. Kwa mitamba wadogo ipo chanjo, hivyo mweleze mtaalamu kama walishachanjwa kabla hajapima.

Nyumbani, chemsha maziwa mpaka yatokote. Mnyama anapozaa, watoto na wajawazito wakae mbali. Anayesaidia avae glavu, na kondo lifukiwe shimo refu ambalo mbwa hawafukui.

Na ukifika zahanati na mtoto, usisubiri kuulizwa. Sema: "Nyumbani tunafuga, na ng'ombe mmoja alitupa mimba." Brusela hutibika, lakini dawa huchukua wiki 6 hivi na dozi lazima imalizwe hata homa ikishuka mapema.