Kijana huombwa, hasubiriwi

Shule za sekondari zinapofungwa mwezi Desemba, akiba ya damu katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki hupungua. Watu wa maabara wanalijua hilo, na wauguzi wa wodi za wazazi wanalijua zaidi. Sehemu kubwa ya damu inayokusanywa Tanzania na Kenya hutolewa na wanafunzi, na likizo ikifika wachangiaji hao hutawanyika kwenda makwao. Ajabu ni kwamba wanafunzi wale hawajaugua, hawajazeeka, wala roho zao hazijabadilika kwa kupanda basi. Wamekwenda tu mahali ambapo hakuna mtu wa kuwaomba.

Wanaofanya kazi na vikundi vya vijana husikia lawama moja kila mahali, vikaoni na misibani: vijana wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea. Mimi siikubali. Kijana huyohuyo anayelaumiwa ndiye anayechimba kaburi mtaani kukitokea msiba, ndiye anayebeba maturubai na viti, ndiye anayesukuma gari la jirani lililokwama kwenye tope. Anafanya hayo bila ujira kwa sababu ameitwa na mtu anayemfahamu, kazi yenyewe anaiona kwa macho, na anajua itaisha lini. Tukikosa vijana kwenye shughuli nyingine za jamii, tuanze kujiuliza ni lipi kati ya hayo tumelisahau.

Nitakaa zaidi kwenye uchangiaji wa damu, kwa sababu aina hii ya kujitolea imechunguzwa na wataalamu kwa undani, na mafunzo yake yanafaa hata kwa anayetafuta vijana wa kuzibua mitaro.

Shirika la Afya Duniani limekuwa likitumia kipimo chepesi: nchi ikikusanya chupa za damu zinazolingana na asilimia 1 ya watu wake, inaweza kukidhi mahitaji yake ya msingi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania, kwa hiyo tunazungumzia chupa zaidi ya 617,000 kwa mwaka. Sensa hiyohiyo ilionyesha kwamba vijana wa miaka 15 hadi 35 ni zaidi ya theluthi moja ya Watanzania wote. Na damu hiyo inakwenda wapi? Inakwenda kwa mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, kwa mgonjwa wa selimundu, kwa dereva wa bodaboda aliyegongwa, na kwa mtoto ambaye malaria imemmalizia damu. Katika nchi zenye kipato kidogo, watoto walio chini ya miaka mitano wanaweza kuwa zaidi ya nusu ya wote wanaoongezewa damu. Akiba isipokuwepo, ndugu wa mgonjwa huambiwa watafute watu usiku uleule, wakati kila dakika ina thamani.

Mwaka 1989 huduma ya damu ya Zimbabwe ilikabiliwa na tatizo kama hili letu. Ilikuwa ikitegemea sana shule, na mwanafunzi akimaliza masomo alikuwa anapotea. Wakati huohuo virusi vya UKIMWI vilikuwa vinaenea, na damu salama ilihitajika kuliko wakati mwingine wowote. Wakaanzisha klabu ya vijana wanaoahidi kuchangia damu mara 25 katika maisha yao. Ukiitazama haraka, ahadi hiyo ni hesabu tu. Lakini ndani yake mlikuwa na mambo makubwa. Kijana hakuachwa peke yake na ahadi yake. Alikuwa na wenzake wanaokutana, wanaojadili namna ya kuishi ili damu yao iendelee kufaa, na wanaokwenda kuzungumza na wadogo zao shuleni. Alikuwa na lengo linalohesabika, kwa hiyo alijua amefika wapi na kumebaki nini. Hata akiondoka shuleni alibaki mwanachama. Afrika Kusini waliuchukua mtindo huo, na baadaye Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu wakausambaza katika nchi nyingi.

Kwa mtaalamu wa damu, faida kubwa ya klabu hiyo ni mchangiaji anayerudi. Damu ya mtu anayechangia mara kwa mara kwa hiari yake huwa salama zaidi, kwa sababu amekwisha kupimwa mara nyingi na anazijua taratibu. Kwetu sisi tunaoshughulika na vijana, klabu ile inathibitisha jambo ambalo viongozi wengi wa mitaa hawalipangii bajeti wala muda: kumleta kijana mara ya kwanza ni rahisi, kazi ni mara ya pili.

Mara ya pili huamuliwa na yaliyotokea mara ya kwanza. Kijana anayechangia damu kwa mara ya kwanza ana uwezekano mkubwa zaidi wa kusikia kizunguzungu au kuzimia kuliko mchangiaji mzoefu, na anayezimia mbele ya wenzake mara nyingi harudi. Dawa yake haina gharama. Ale kabla ya kuja, anywe maji ya kutosha, apumzike akimaliza, akae na mtu wa kuzungumza naye. Wapo pia wanaojipanga foleni kwa hamu, kisha wakaambiwa damu yao ni pungufu au uzito haujafika kilo 50. Utafiti wa nchi mbalimbali umeonyesha kwamba watu waliorudishwa hivyo, hata kama ni kwa muda tu, hupungua sana kurejea. Na sisi tunawarudishaje? Mara nyingi kwa neno moja la haraka kutoka kwa mhudumu aliyechoka. Kijana anaondoka akidhani ana kasoro, na hofu ya majibu ya vipimo inazidi kumwandama. Angeambiwa kwa utulivu kilichoonekana, ale nini, arudi lini, na wakati huohuo akapewa daftari la kuandikisha wenzake, angebaki kuwa wetu. Katika kila shughuli ya kujitolea kuna watu wasiofaa kwa kazi iliyopangwa siku ile. Kiongozi mwenye akili huwa na kazi ya pili tayari.

Sasa tuje kwenye posho, maana kila kikao cha vijana huishia hapo. Mwaka 1970 mwanazuoni wa Uingereza, Richard Titmuss, aliandika kwamba kununua damu hupunguza moyo wa kuitoa bure. Wachumi wengi walimpinga. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Sweden, Mellström na Johannesson, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa Gothenburg. Kundi moja liliombwa kujiandikisha kuchangia damu bila malipo, la pili likaahidiwa krona 50, la tatu likapewa hiari ya kuzichukua krona hizo au kuzitoa sadaka. Kwa wanaume tofauti haikuwa ya maana. Kwa wanawake, waliokubali walikuwa zaidi ya nusu pale pasipokuwa na malipo, wakashuka hadi karibu asilimia 30 fedha zilipotajwa, kisha wakapanda tena zaidi ya nusu walipoweza kuzitoa sadaka. Fedha kidogo ziligeuza tendo la heshima kuwa kibarua cha ujira mdogo.

Naomba nieleweke hapa, kwa sababu matokeo kama hayo hutumiwa vibaya na watu wasiotaka kutoa hata nauli. Kijana asiye na kipato akipewa nauli ya kwenda na kurudi, maji ya kunywa, glavu na buti za kuingilia mtaroni, hajalipwa. Ameondolewa hasara tu. Kumwambia ajigharamie ni kuchagua kwamba wajitolee watoto wa wenye uwezo pekee, kisha tuje kushangaa kwa nini wengine hawaonekani.

Historia yetu wenyewe ina mfano mzuri. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kufanya kazi waliyokubaliana. Kampeni ilikuwa ya majuma 12, kwa hiyo kila mtu alijua mwanzo na mwisho wake. Kazi zilitajwa wazi: choo kichimbwe, majani yakatwe, madimbwi yafukiwe, maji yachemshwe. Na kikundi kilikaa na kuzungumza kabla ya kushika jembe. Hilo la mwisho ndilo tunaloliruka leo. Tunatangaza usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwa kipaza sauti, tunataja faini, halafu tunaita kujitolea. Rwanda nao wana umuganda wa Jumamosi ya mwisho, na wenye umri wa miaka 18 hadi 65 wanatakiwa na sheria kushiriki, kwa hiyo ni wajibu, wala si hiari. Lakini wenzetu hao hukaa mkutano baada ya kazi na kuzungumzia mambo ya mtaa wao. Kijana aliyefagia asubuhi anapata kusikika saa sita mchana. Ningependa sana kuona jambo hilo likifanyika kwetu, hata bila faini.

Vijana hutaka pia kujua kilichotokea baada ya jasho lao. Huduma ya damu ya Stockholm hutuma ujumbe wa simu kwa mchangiaji siku damu yake inapotumiwa. Ni ujumbe mfupi tu, lakini unamwambia kwamba chupa ile haikukaa kwenye jokofu hadi ikaharibika. Mtaani kwetu hatuhitaji mtambo wowote kwa ajili hiyo. Mwalimu anaweza kuwaeleza vijana waliofundisha hesabu wakati wa likizo kwamba watoto wao wamefanyaje muhula uliofuata. Mwenyekiti anaweza kusimama mvua zikiisha na kusema mtaro uliozibuliwa umeokoa nyumba zipi. Wengi hawasemi. Wanarudi tu mwaka unaofuata na ombi jipya.

Lipo jambo moja ambalo linaniuma, nalo ni kijana aliyehitimu chuo anayefundisha au kuhudumia wagonjwa mwaka wa pili, wa tatu, bila mshahara, kwa matumaini kwamba siku ajira zikitangazwa atakumbukwa. Anaingia asubuhi, anatoka jioni, anabeba vipindi kama mwalimu mwingine yeyote. Hapo hatujamhamasisha kijana kujitolea, tumemtumikisha. Kazi ambayo isipofanyika taasisi haiwezi kuendelea hata siku moja ni ajira, na ajira hulipwa. Kenya ilikaribia kulikubali hilo mwaka 2023, ilipowapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 vifaa vya kazi na posho ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, serikali kuu na kaunti zikigawana gharama. Kabla ya hapo wengi wao walizunguka nyumba kwa nyumba miaka na miaka kwa asante tu. Kiasi chenyewe ni kidogo, lakini mwelekeo ni sahihi. Kabla hujamwita kijana, kwa hiyo, andika kwenye karatasi: kazi gani, saa ngapi kwa wiki, mpaka lini, nani anamsimamia, na akimaliza atapewa barua gani. Barua yenye mhuri inayoeleza alichokifanya humsaidia anapoomba kazi, na haipunguzi chochote katika moyo wake.

Wasichana wasisahauliwe. Mkutano wa vijana ukipangwa saa kumi na mbili jioni, umewaondoa wanaopika na kuteka maji, na wale ambao wazazi wao hawaruhusu kurudi gizani. Nenda nyumbani, bisha hodi, mweleze mama au baba binti anaitwa kufanya nini na atakuwa na nani. Mzazi aliyeombwa kwa heshima huwa msaada mkubwa. Aliyesikia habari kwa jirani huzuia. Muda nao ubadilishwe, kwa sababu Jumamosi saa nne asubuhi inawafaa wengi zaidi kuliko jioni yoyote.

Na wewe kijana unayesoma hapa, usingoje tangazo. Tanzania huruhusu kuchangia damu kuanzia miaka 18 hadi 65, Kenya kuanzia 16, na uzito usiopungua kilo 50. Huchukuliwa takriban mililita 450. Majimaji yake hurudi mwilini kwa siku moja au mbili, na chembe nyekundu kwa majuma kadhaa. Mwanamume anaweza kurudia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne, isipokuwa aliye mjamzito au anayenyonyesha. Damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C na kaswende, na majibu ni siri yako. Kwa Tanzania, vituo vya Damu Salama vya kanda vipo katika miji kama Mwanza, Moshi, Mbeya, Tabora na Mtwara, na hospitali ya mkoa wako itakuelekeza kwa kwenda. Kula kwanza, kunywa maji, na umwombe rafiki yako mmoja mwende pamoja.